Nyumba ya Dar kuelekea Idd: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Karaha nyingi za nyumbani kuelekea Idd el-Fitr zina asili moja. Kazi inayomtegemea mtu mwingine imeachwa hadi siku za mwisho, na kazi ambayo ungeimaliza mwenyewe kwa nusu saa ndiyo iliyotangulizwa. Sebule imepigwa deki tangu Jumatatu, lakini gauni la mtoto liko kwa fundi na fundi hapokei simu. Viungo vimeshatwangwa, maji hayatoki bombani.

Kwa hiyo mwongozo huu haupangi kazi kwa ukubwa wake. Kabla ya kushika lolote jiulize: hili linamsubiri nani? Linalomsubiri fundi, boza la maji, konda au jirani mnayechangia naye mita, litangulie. Linalosubiri mikono yako tu, liache mwisho. Ukishika hilo peke yake, hata kama hutafuata hatua zote hapa chini, kumi la mwisho la Ramadhani litakuachia nafasi ya ibada, na hiyo ndiyo haki yake.

Hatua ya 1: Panga kwa tarehe mbili

Ramadhani ni siku 29 au 30, na hakuna ajuaye mpaka mwezi uonekane au usionekane. Sasa nyumba nyingi hupanga kila kitu kwa siku moja iliyoandikwa kwenye kalenda ya ukutani, na usiku wa tangazo la Mufti ndipo mambo yanapoharibika: ama mwezi umeandama na nyama haijanunuliwa, ama haukuandama na sufuria zima la tambi liko tayari huku watu wanatakiwa kuamka kula daku. Andika tarehe zote mbili tangu mwanzo, na kila kazi ipimwe: je, inastahimili kusogezwa siku moja?

Kama nyumbani kwenu wapo wanaofuata mwandamo wa hapa nchini na wapo wanaofuata mwandamo wa popote duniani, kaeni mapema mkaulizane nani ataswali lini. Nyumba ya namna hiyo ipike kidogo siku ya kwanza na kidogo ya pili. Kulijadili jambo hili usiku wenyewe, watu wamechoka na simu zinaita, ni kutafuta ugomvi.

Kumbuka pia kwamba Idd hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, mwaka 2025 ikawa Machi 31. Hilo linagusa mfuko. Mwaka ambao sikukuu inatangulia mshahara, hela ya nguo na ya fundi itoke kwenye mshahara wa mwezi uliopita. Ukiwa kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, mwambie kijumbe mapema mbadilishane zamu. Usisubiri wiki ambayo kila mwanachama naye anaitaka hiyo zamu. Linagusa na mvua, maana kwa miaka hii Idd inaangukia masika au mlangoni mwake. Zulia ulilolifua siku tatu kabla linaweza kufika siku ya Idd likiwa bado linanuka unyevu.

Hatua ya 2: Fundi cherehani ndani ya kumi la kwanza

Hapa nitakaa, kwa sababu hakuna kitu kinachoumiza watoto kama nguo ambayo haikufika.

Fundi wa mtaani hana nia mbaya. Msimu huu ndio unaomlipia fremu na kumsomeshea watoto, kwa hiyo anapokea vitambaa zaidi ya vile mikono yake inavyoweza kushona, na hawezi kukwambia hapana. Kazi yako ni kuhakikisha nguo zako ziko kwenye fungu la zitakazoshonwa. Nunua kitambaa Shaabani ukiweza, au wiki ya kwanza ya mfungo. Kariakoo nenda asubuhi ya siku ya kazi, maduka yanapofunguliwa. Ikishapita adhuhuri, na hasa Jumamosi, Mtaa wa Congo na ile ya jirani haipitiki, na wezi wa simu wanajua hivyo kuliko wewe.

Peleka kitambaa pamoja na zipu, vifungo, bitana na uzi wa rangi yake. Nguo nyingi zinalala kwa fundi kwa sababu ya zipu ya rangi fulani ambayo alisema ataipitia mjini. Simama hapo vipimo vikiandikwa, na uone vimeandikwa kwa jina lako, si kwenye kipande cha boksi kitakachopeperuka. Lipa nusu. Kisha usiulize "itakuwa tayari lini?", maana jibu lake ni kesho. Wewe ndiye umpe siku: "Kaka fundi, sitaki kukusumbua kumi la mwisho. Jumamosi hii nakuja na mtoto kujaribisha, hata kama haina mikono." Halafu nenda kweli hiyo Jumamosi. Fundi hutanguliza nguo ya mtu anayekuja na kuonekana. Anayepiga simu tu anasubiri.

Za watoto zitangulie za wakubwa. Baba anaweza kuvaa kanzu ya mwaka jana ikiwa imefuliwa na kunyooshwa vizuri, na mama ana baibui lake. Mtoto wa miaka sita amekua na hana cha kurudia. Mwambie fundi aache pindo kubwa ili mwakani litolewe.

Jiwekee na siku ya kukata tamaa. Mimi naipendekeza siku ya 22 ya mfungo. Ikifika kitambaa hakijakatwa, kichukue kwa heshima na ununue nguo iliyoshonwa tayari wakati bado kuna saizi. Viatu hivyo hivyo. Usimbebe mtoto mdogo kwenye msongamano ule. Chora unyayo wake kwenye karatasi ngumu, ukate, uende nao dukani uutie ndani ya kiatu. Ukiingia bila kujikunja na ukabaki upana wa kidole mbele, umepata.

Hatua ya 3: Maji, choo na taka

Kila mtaa unajua siku zake za maji ya DAWASA, na wanaojua zaidi ni majirani wenye bomba nje. Ulizia ratiba hiyo wiki mbili kabla, kisha hesabu kurudi nyuma: siku ya mwisho ya maji kabla ya Idd ndiyo ya kujaza kila chombo. Simtanki lioshwe kabla ya siku hiyo, likiwa karibu tupu. Pampu ijaribiwe mapema pia, kwa sababu inategemea umeme, na umeme una siku zake.

Mkihitaji boza, changieni na jirani, maana lori moja hubeba maji mengi kuliko tangi la nyumba moja. Muulize mwenye boza maji yanatoka wapi. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Maji yake yanafaa kwa choo na deki, lakini chai inaharibika na sabuni haitoi povu. Tenga madumu mawili ya lita 20 ya maji baridi yasiyo na chumvi, yafunikwe, yaandikwe, na yasiguswe na mtu mpaka siku ya kupika. La sivyo yataishia kwenye kunawa miguu.

Choo ndicho watu husahau. Wageni kumi kwa siku mbili ni matumizi ya wiki nzima kwa shimo la familia ndogo, na masika ardhi ikishiba maji shimo hujaa haraka. Mulika kwa tochi, angalia limefika wapi. Likiwa limekaribia, liite gari la kunyonya majitaka kabla ya kumi la mwisho, kabla foleni yake haijawa ndefu na kabla njia ya kwenu haijawa tope. Kufungulia choo kwenye mtaro mvua ikinyesha ni kuwapelekea watoto wa chini ya mteremko kipindupindu. Anayeshika swaumu yake kwa dhati hafanyi hivyo kwa jirani.

Taka: muulize mjumbe gari linapita siku gani, na uzoe za zamani kabla. Manyoya na matumbo ya kuku yafungwe kwenye mfuko mara mbili siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: LUKU na gesi

Nunua umeme siku tatu au nne kabla. Usiku wa mwandamo kila mtu ananunua, mtandao unalemewa, hela inakatwa na namba 20 za tokeni zinachelewa kuja. Ujue pia kwamba kodi ya jengo hukatwa kwenye manunuzi ya LUKU, hivyo kama mwezi mpya wa kalenda umeanza, uniti zitakuwa pungufu kuliko ulivyozoea. Na wale walio kwenye kundi la matumizi madogo wakumbuke kwamba uniti zikivuka 75 kwa mwezi, kila uniti inayozidi hulipiwa bei kubwa mara kadhaa.

Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja, ugomvi wa wiki ya Idd ni pasi na friji. Mwenye taa mbili na feni anachangia sawa na mwenye friji iliyojaa nyama, anakasirika, anakaa kimya, halafu siku umeme unakatika saa tatu usiku yanamtoka yote. Itisheni kikao kifupi uani baada ya futari. Atakayefanya makubaliano hayo yawe ya maana ni mpangaji mkongwe, au yule mama anayeheshimiwa na wote. Kila chumba kitoe kiwango kimoja, mwenye friji aongeze, mwenye jiko la umeme aongeze zaidi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja. Kwa hiyo pigeni pasi kwa zamu mchana mmoja, familia moja baada ya nyingine, nguo zitundikwe. Atakayeacha hadi alfajiri ya Idd ajue huenda akavaa mikunjo.

Umeme ukikatika na friji ina nyama, usiifungue. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama masaa manne, na friza iliyojaa hufika hata siku mbili. Kila anayechungulia "kuona kama imeyeyuka" anaiyeyusha.

Gesi isiishie kwenye pilau. Kwenye mtungi kuna uzito wake mtupu uliopigwa chapa. Upime dukani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Huna mizani, mwagia maji ya moto ubavuni halafu pitisha kiganja: panapobadilika kutoka joto kwenda baridi ndipo gesi ilipofika. Ukinunua mtungi mpya, angalia lakiri haijaguswa na upimiwe mbele yako. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Likitoa viputo, gesi inavuja. Ukisikia harufu ndani, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiwashe wala kuzima taa.

Jiko la mkaa liwe nje au barazani. Wakati wa mvua watu huliingiza ndani, na moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Hatua ya 5: Dada wa kazi, na wageni kutoka mikoani

Dada anayekusaidia naye ana kwao, ana mama anayemsubiri. Nyumba nyingi hukaa kimya zikitumaini hatakumbuka, na yeye anakaa kimya akiogopa kukataliwa, hadi siku ya 27 anaaga ghafla analia. Muulize wiki ya kwanza ya mfungo: "Mdogo wangu, Idd hii unataka kwenda nyumbani?" Kama anakwenda, mkatie tiketi mapema, mlipe mshahara wake wote pamoja na chochote cha kuwapelekea wazazi, na mkubaliane siku ya kurudi kwa kuongea na mzazi wake kwenye simu. Usimzuilie mshahara ili arudi. Huo si uungwana, na anayerudi kwa kuzuiliwa pesa harudi na moyo. Kama anabaki, naye ashonewe nguo. Siku ya Idd awe na nusu siku yake ya kutoka.

Wageni wanaokuja kwa basi wataje kama wanashukia Kituo cha Magufuli pale Mbezi au njiani, na saa ngapi, kwa sababu kutoka Mbezi hadi Mbagala usiku wa mvua ni safari nyingine. Mkononi uwe na hesabu ya vyandarua, si ya magodoro tu. Masika mbu wa Dar hawamjui mgeni.

Hatua ya 6: Manunuzi kwa mafungu

Vikavyo mwanzoni: mchele, sukari, mafuta, unga wa ngano, iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, pilipili manga. Vinunue kabla ya kumi la mwisho, bei haijapanda. Pamoja na mchele huo, nunua na wa zakatul-fitri, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba hadi mtoto mchanga, ambayo ni kama kilo 2 na nusu hadi 3. Utenge kwenye mfuko wake na uufunge, usije ukachotwa.

Vitunguu, viazi na nazi nzima vinastahimili wiki. Nyanya, hoho, matango na limau vya kachumbari vinunuliwe mwisho kabisa.

Kwa pilau, kilo moja ya mchele hulisha watu 6 hadi 8 wanaokula vizuri. Ukizidi kilo tatu, jiko la gesi la mezani halifai tena. Sufuria linazidi upana wa jiko, chini panaungua na juu mchele ni mbichi. Azima au kodi sufuria kubwa mapema, na tafuta mafiga na mkaa wa kupalia juu ya mfuniko.

Nyama ndiyo yenye mtihani kwa sababu ya mwezi. Buchani weka oda na utangulize hela kidogo, umwambie wazi: "Nitaichukua alfajiri ya Idd, iwe kesho au keshokutwa." Muuza nyama mwenye wateja wa kudumu analielewa hilo. Njia ninayoipenda zaidi ni kununua kuku hai, Kisutu au soko la kwenu, siku mbili tatu kabla. Kuku hai anausubiri mwezi bila friji na bila umeme. Mtafutie kivuli, maji na pumba, na ujue ni nani atakayechinja, maana asubuhi hiyo wachinjaji wa mtaa huitwa nyumba kumi kwa wakati mmoja.

Chenji ya watoto usiisahau. Watakuja wa kwenu na wa mtaa mzima kuomba mkono wa Idd, na ukiwa na noti za 10,000 tupu utawaudhi au utafilisika. Anza wiki mbili kabla kuweka sarafu za 200 na 500 kwenye kopo. Pesa ya matumizi nayo itoe kwa wakala mapema. Usiku wa mwandamo mawakala huishiwa.

Hatua ya 7: Usafi

Huu unasubiri mikono yako, kwa hiyo uende mwisho, isipokuwa vitu vinavyotaka jua. Mapazia, mazulia na mashuka mazito yafuliwe siku yoyote ya jua kuanzia katikati ya mfungo, hata kama ni Jumanne na hukupanga. Kamba za uani zigawanywe kwa siku. Rangi ya ukuta kama ni lazima ipakwe kabla mvua hazijashika, la sivyo iache. Chumba kinachonuka rangi mbichi kinawafukuza wageni.

Hatua ya 8: Jioni ya siku ya 29

Hapa fanya yale tu ambayo hayataharibika mwezi usipoonekana. Chagua mchele na uupepete, usiuloweke. Menya na twanga kitunguu saumu na tangawizi. Kata vitunguu maji, vikaange hadi rangi ya dhahabu iliyokolea, vichuje mafuta, vitunze kwenye chombo kikavu; vikivuka siku moja havina neno. Twanga viungo. Hina ipakwe, haina hasara. Lakini nazi isikunwe, unga wa maandazi usikandwe, tambi zisiguswe. Futari iwe ya kawaida, na akiba ya daku iwepo.

Likija tangazo kwamba mwezi haukuonekana, funika kila kitu mkalale, na kesho yake jioni mnaendelea palepale.

Likija kwamba umeandama, gawana kazi kabla shamrashamra hazijawatawanya watu: mmoja nazi na tambi, mmoja unga, mmoja kuandaa nguo za kila mtu kwa mafungu. Mwingine apeleke zakatul-fitri usiku huo huo kwa anayestahiki, kwa sababu mwisho wake ni kabla ya swala ya Idd, na yule anayeipokea naye anataka kununua nyama alfajiri. Kwenye nyumba ya bafu moja, pangeni zamu ya kuoga usiku, wakubwa waanze saa kumi na moja alfajiri na watoto wadogo wawe wa mwisho ili wasichafuke. Kunyweni chai na tende kidogo kabla ya kutoka. Pilau lisiinjikwe kama hakuna wa kubaki nalo. Mkirudi kutoka kuswali mkakuta mchele umechaguliwa, vitunguu vimekaangwa na viungo vimetwangwa, chakula kitakuwa mezani kabla ya adhuhuri.